Anayetazama Udongo

Jumapili, 3 Agosti 2025

Wamenichagua. Mwenyekiti wa klabu yetu ya kujitolea hapa Katangi sasa ni mimi, Kamene, fundi wa nguo. Katiba inasema mwenyekiti akifa naibu ashike kwa muda, kisha kura ipigwe. Imepigwa. Mikono yote juu, na hakuna aliyenitazama usoni.

Kiti cha marehemu Ndunda, mwenyekiti wetu, kilikuwa pale pale mbele. Warfa, muuza mbuzi anayeongoza kamati ya miradi, alikivuta kidogo ili nikae. Niliendesha mkutano nimesimama. Katikati ya ajenda nikanyamaza, nikimngoja mtu wa kulia kwangu, alikozoea kukaa Ndunda, amalize kukohoa. Kulia kwangu hakuna mtu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimegawa kazi upya. Kamati ya wanachama, ya miradi, ya kutembelea wagonjwa. Nusu ya hayo Ndunda alikuwa anayafanya peke yake na hatukujua.

Nafasi moja haina mtu. Mtazamaji. Hiyo ni kanuni yetu: watu wakiwa chini mtoni wanachimba msingi wa bwawa, mmoja anasimama juu, hashiki sepeto, hashiki karai – anatazama udongo tu. Akiona ukuta wa handaki unalegea, anainua mkono na kila mtu anatoka.

Siku ile ya Juni mtazamaji alikuwa Levi, yule fundi wa mawe. Mtu alimsalimia kutoka ng'ambo ya mto. Akageuka kuitikia. Basi, ukuta ukaanguka. Ndunda peke yake ndiye alikuwa bado chini. Tulimfukua kwa mikono, tukiogopa kumkata na sepeto.

Tangu mazishi Levi haji mitingi. Hakuna anayemtaja. Kwa grupu ya WhatsApp bado yuko, anasoma, hasemi.

Jumanne, 12 Agosti

Akina mama wanaoteka maji wamebadilisha njia. Mteja alikuja kupimwa rinda akaniambia kuna mtu mtoni, jioni jioni, amesimama juu ya lile handaki. Haongei, hasogei. Ni Ndunda, akasema. Kazi haijaisha ndiyo sababu hapumziki.

Nilimwambia hayo ni maneno ya sokoni. Alipoondoka nilishona mkono wa kushoto upande wa kulia, ikabidi nifumue.

Mimi ni Mkristo. Sisemi zaidi.

Alhamisi, 14 Agosti

Nilienda. Nilifunga duka mapema, jua bado liko.

Mto mkavu, mchanga mtupu mpaka kwenye kona. Handaki liko wazi kama tulivyoliacha. Na kweli – mtu amesimama! Nilitaka kuomba, nikasahau maneno.

Ni Levi.

Amekonda, shati linamning'inia. Macho yako chini, ndani ya handaki lisilo na mtu. Nilimwita, hakugeuka. Nikaenda nikasimama kando yake, nikamuuliza anafanya nini. Akaeleza polepole, macho yakiwa kule kule. Anakuja kila akitoka kazini. Akiwa nyumbani anasikia udongo unadondoka. Kwenye mabati, kwenye sahani anapokula, masikioni mwa mtoto akimbeba. Akija hapa, unanyamaza.

"Hapa angalau nauona," akasema. "Naona haujaanguka."

Nikamwambia twende nyumbani. Akaniambia nitangulie.

Sasa niko kwangu, na mimi nausikia. Chembe chembe, juu ya bati. Ni upepo. Najua ni upepo. Nimetoka nje kuangalia, miti imetulia.

Jumapili, 17 Agosti

Mkutano mrefu. Hoja ilikuwa moja: tufukie handaki, au tumalize bwawa kabla ya mvua za Oktoba? Warfa alitaka tumalize. Msingi ukifika kwenye mwamba tujenge ukuta, mto ulete mchanga, mchanga uhifadhi maji – watu na mifugo waache kutembea mpaka kule mbali kila kiangazi. Wengine wakasema pale ni kaburi sasa, na kaburi halijengewi.

Ndipo akaingia Ndanu. Mjane wa Ndunda, bado amevaa nguo nyeusi. Si mwanachama. Kanuni ni kwamba mgeni husema mwenyekiti akimruhusu. Nilimruhusu.

"Mume wangu nilimzika nyumbani," akasema. "Hayuko mtoni. Msinipe makaburi mawili."

Akaomba aandikishwe mwanachama, na awekwe na wachimbaji. Kisha akasema mtazamaji wa kusimama juu awe Levi.

Warfa akamwambia kwa upole kwamba atapatikana mwingine, kwamba Levi hayuko sawa. Ndanu hakupandisha sauti.

"Mwingine atatazama watu, atatazama simu. Yule atatazama udongo."

Tukapiga kura. Imepita, kwa shida: tumalize bwawa, na Levi atazame. Kumwambia Levi ni kazi ya mwenyekiti. Aiya, Ndunda.

Jumatatu, 18 Agosti

Nilimpata kazini. Nikamwambia. Aliweka viganja vyote viwili kwenye ukuta aliokuwa anajenga, kama anauzuia. Nilingoja, nikaondoka.

Jumamosi, 23 Agosti

Naandika hapa hapa mtoni, watu wanakula githeri.

Levi alifika kabla yetu sote. Warfa ameleta mbao, tumezishikiza kuta pande zote mbili. Ndanu alishuka wa kwanza, kwa gambuti za marehemu. Hawakusalimiana.

Tulichimba kidogo tu, Levi akainua mkono. Tukatoka wote tukikanyagana. Ukuta haukuanguka. Tukarudi chini. Akainua tena. Tukatoka, haukuanguka. Imekuwa hivyo asubuhi yote. Wengine wameanza kunung'unika kwamba kwa mwendo huu mvua itatukuta hapa, na mmoja alibaki chini mara ya mwisho, anacheka. Nilimpandisha mimi mwenyewe. Sikujua niko na sauti kama ile.

Levi amekataa kuja kula. Ndanu amempelekea githeri kwenye kifuniko cha sufuria, akamshikia. Anakula bila kuangalia mkono wake unaokota nini. Macho hayajatoka kwenye ukuta.

Tumerudi kazini. Kalamu bado ninayo, niko ukingoni nangoja zamu.

Mkono wa Levi uko juu tena. Ndanu ameshatupa sepeto, anapanda. Wengine bado wako chini, wananiangalia mimi niseme watoke au wabaki.