Kwa Baba Mkwe, Uliyesubiri Injini Iwashwe

Baba mkwe wangu,

Shikamoo. Najua marehemu haitikii, lakini hata ulipokuwa hai ulikuwa ukiitikia unapojisikia, kwa hiyo sipotezi kitu. Ukwe ulinifunga mdomo miaka yote ile. Sasa umekwenda zako, sioni tena wa kumwonea haya, na leo nasema.

Nimekasirika, baba. Nimekasirikia ile Jumamosi na Jumapili yetu.

Ulikuja kwetu Guangzhou, huku China tunakofanyia biashara, kwa ajili ya jicho. La kushoto lilikuwa limeshazimwa na presha ya macho. La kulia daktari alisema bado linaokoleka, mradi ulazwe Jumapili kabla ya magharibi, upasuliwe Jumatatu. Mimi nilikuwa mjamzito, tumbo limeshanitangulia. Wewe mwenyewe uliwatangazia watu wa Morogoro kwamba unapanda ndege ili uje umwone mjukuu wako wa kwanza.

Kisha mwanao Hamisi, huyu mume wangu, akakuonyesha kwenye simu reli ya zamani iliyo nje ya mji, iliyotunzwa kwa ajili ya watalii, na vichwa vyake vya treni vya dizeli vya kijani. Ningejua, ningeivunja simu ile. Ulikuwa dereva wa treni reli ya kati maisha yako yote. Ukatoa kamera yako begini ukasema, "Wikiendi hii nakwenda kuvipiga picha." Hamisi akakimbilia Nansha bandarini kufuatilia kontena. Wa kukupeleka nani? Mimi na tumbo langu, na mzigo wangu wa nguo soko la Shahe ukae unisubiri.

Jumamosi tulivikuta vichwa vitatu vimepangwa, vinang'aa, jua zuri. Mtu mwingine angepiga picha, akala, akarudi nyumbani. Wewe ukaweka kiganja ubavuni mwa injini kama mama anayempima mtoto homa, ukatikisa kichwa.

"Imezimwa. Injini iliyozimwa haipigwi picha, mwanangu. Ni sawa na kumpiga picha maiti."

Nikamuuliza mlinzi kwa Kichina changu cha sokoni, itawashwa saa ngapi? "Jintian meiyou! Mingtian!" Leo hakuna, kesho. Nikadhani utakata tamaa. Tukakaa pale mpaka jioni hata hivyo, wewe umeinama kwenye magurudumu, unanieleza breki za upepo kana kwamba kesho naanza kazi. Nilikula wali wangu nimejificha nyuma ya behewa, maana mkwe hatafuni mbele ya baba mkwe, na mtoto alikuwa akinipiga mateke ya njaa.

Jumapili tukarudi, begi lako la hospitali begani mwangu. Walisema injini itawashwa saa nane. Saa nane ikapita, saa tisa ikapita, fundi anaingia chini ya mtambo na spana, anatoka, anaingia tena. Ilibidi tuondoke. Na hapa, baba, ndipo ninapotamani kupiga kelele. Ulikuwa umesimama hatua chache tu kutoka kwangu, lakini kwetu mkwe hamwamrishi baba mkwe. Nikampigia Hamisi Nansha. Hamisi akakupigia wewe. Nikaisikia simu ikiita mfukoni mwako.

"Mwambie mkeo awe na subira," ukasema, na mimi nakusikia.

Hamisi akanipigia. "Baba anasema uwe na subira."

"Nimemsikia! Mwambie kitanda cha hospitali kitakwenda!"

Akakupigia tena. Ukajibu bila hata kugeuka, "Kitanda kiende wapi? Kwani ni behewa?"

Hivyo ndivyo tulivyozungumza mimi na wewe, maneno yanazungukia bandarini ndipo yanatufikia. Heshima gani hii, jamani? Mwishowe nikavunja mwiko, nikaja mbele yako.

"Baba, tunachelewa. Jicho."

Hukukasirika. Ulisema polepole, "Mwanangu, wakinipasua likakataa, nitakuwa nimeona nini mwisho? Ukuta wa hospitali?"

Na injini ikawaka. Ardhi ikatetemeka, moshi ukapanda, na wewe, baada ya kunitesa siku mbili, ukanikabidhi kamera. "Piga wewe. Mimi nina kazi ya kutazama." Ulisimama pale kofia mkononi, unacheka huku machozi yanakutoka. Sijawahi kumwona mtu mzima mwenye furaha namna ile, na nilitamani kukusukumia ndani ya teksi.

Hospitali tulikuta kitanda kimeshapewa mwingine. Wakatupangia wiki kadhaa mbele. Na wewe, na kichwa chako kigumu, ukasema hukai. Viza inakwisha, ambayo Hamisi alikuwa tayari kuihangaikia. Chakula hakina chumvi. Unarudi Morogoro. Hakuna aliyekuweza. Kabla Zuhura hajazaliwa, jicho la kulia nalo likazima.

Nilipokuletea mtoto nyumbani, ulimpapasa uso kwa vidole, paji, pua, kidevu. Ukauliza, "Amefanana na nani?" Nikasema amefanana na wewe. Ukasema, "Basi nieleze nilivyo, maana nimeshajisahau." Nikashindwa. Mkwe hamkazii macho baba mkwe. Miaka yote ile sikuwahi kukutazama vizuri.

Watu wananiambia niliache jambo hili, kwamba siku ile ulifurahi. Ni kweli, ulifurahi, na nilifurahi kukuona. Lakini ungerudi leo ukaniambia nisubiri, ningekushika mkono nikakuburuta mbele ya Wachina wote, ukwe na uende huko. Ungeninunia. Ungeninunia mpaka kaburini, baba, lakini Zuhura ungekuwa umemwona.

Mungu akurehemu, na akupe subira ya kuzivumilia hasira zangu.

Mkweo,
Mama Zuhura