Ruhusa Iliyovuka Zahanati ya Bemidji

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Duluth, Minnesota, 12 Februari 2025

Jina: Solveig Haugerud
Umri: Miaka 41
Kazi: Mtaalamu wa programu za kompyuta, mtandao wa zahanati
Makazi: Lakeside, Duluth

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kama ifuatavyo.

Kazi yangu ni kutunza kanuni zinazoiambia kompyuta nani aruhusiwe kuona faili la mgonjwa yupi. Mwisho wa wiki iliyopita, kampuni ya nje ilihamisha kanuni hizo kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya, kwa programu inayozigeuza muundo.

Mnamo tarehe 11 Februari, saa tatu asubuhi, Verla Stordahl, mpokeaji wa wagonjwa katika zahanati yetu ya Bemidji, alinipigia simu. Alisema, "Nyie watu wa kompyuta, mbona mnanimwagia wagonjwa wa Duluth kwenye kompyuta yangu? Theluji ya mlangoni kwangu tu imenishinda." Nilicheka. Nikaanza kusaka hitilafu.

Nilijaribu kugeuza kanuni moja peke yake, ikatoka salama. Nikajaribu kundi zima, mpaka wa zahanati ukapotea. Katika mfumo wa zamani, maneno "zahanati ya Bemidji tu" yaliandikwa mara moja juu ya kundi, na kanuni zote za chini yake ziliyafuata. Programu ilichukua kila kanuni na kuyaacha maneno yale. Mfumo mpya ukikuta kanuni isiyo na mpaka, huihesabu kuwa ni ya kila mahali. Basi kila mfanyakazi wa Bemidji aliweza kufungua faili la mgonjwa wetu yeyote.

Niliifunga ruhusa hiyo papo hapo, kisha nikatazama ni nani walioitumia. Wengi walifungua kwa bahati mbaya na kutoka. Mmoja, Wade Pelkey wa duka la dawa la zahanati hiyo, alikuwa amefungua faili moja tu la Duluth, la Renae Thibault, jana yake jioni. Juu ya faili hilo kuna onyo jekundu: anwani isifike kwa mume wa zamani, Wade Pelkey.

Nilimpigia Verla, nikamuuliza Wade yuko wapi. Akasema, "Leo hakuja. Kasema anaumwa."

Nilikwenda kwa mkuu wangu, Curtis Brandvold. Alisoma onyo lile, kisha akasema, "Tungoje wanasheria, Solveig. Ukimpigia huyo mama utakuwa umetoa siri ya mgonjwa."

Nikamwambia, "Siri imeshatoka, Curtis. Mwenyewe tu ndiye asiyejua."

Hakunizuia. Niliwapigia polisi kwanza, kisha nikampigia Renae. Sikuwa nimewahi kuzungumza naye. Nilimweleza kwa ufupi. Hakupiga kelele. Aliuliza, "Gari lake bado ni lile la kijani?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi liko hapa nje. Nilidhani ni la fundi wa jirani."

Nilimwambia afunge milango, polisi wako njiani. Alimwita binti yake kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwita mtoto mezani: "Posy, njoo bafuni na mama. Lete na blanketi." Nilisikia komeo. Kisha kioo kikavunjika, na sauti ya mwanamume ikasema, "Renae, nimekuja tuongee tu." Aliyarudia maneno hayo mara nyingi, na kila mara alikuwa karibu zaidi. Renae alikuwa ananong'ona kwenye simu, "Wako wapi? Dada, wako wapi?" Nilimjibu kwamba wanakaribia. Sikujua kama ni kweli.

Mlango wa bafuni ulipoanza kupigwa, simu ilikatika. Baadaye niliambiwa na askari kwamba walimkamata mlangoni hapo, na kwamba Renae alivunjika mkono akiuzuia mlango. Mtoto hakuguswa.

Kanuni nimeirekebisha na kuijaribu. Alichokisoma Wade sina namna ya kukifuta.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Nimesomewa, nami nayakubali.

Sahihi: S. Haugerud

Maelezo ya afisa: Yameandikwa na kusomwa mbele yangu, Sajini Marvin Koski. Baada ya kutia sahihi, shahidi aliuliza Bi. Thibault na mtoto wamehamishiwa wapi, apate kuwapelekea chakula. Nilimjibu kwamba hana ruhusa ya kujua. Alisema, "Vizuri," akakaa kidogo kitini, ndipo akaondoka.