Kaka Ladi, Nimeziimba Nyimbo Zako

Kaka Ladi,

Shikamoo. Najua ungejibu, "Marahaba, Kelele, umevunja nini leo?" Leo sijavunja kitu. Nimeimba nyimbo zako, zile zote ambazo redio ilikuwa ikizipiga kabla ya vita, pamoja na mbili ambazo walizikataa kwa sababu wanazozijua wenyewe. Ni santuri nzima, pande zote mbili, na kila wimbo umetajwa kwa jina lako. Yenyewe bado haijachapwa, maana mpaka wa Kenya umefungwa na mashine ziko huko, lakini utepe upo na redio imeshaupiga. Nakuandikia nikiwa hapa Runazi, nimekalia kile kigoda chako chenye mguu mbovu. Nataka uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa watu. Watu wa hapa unawajua kwa kutia chumvi.

Nianze na mvua, kwa sababu kila kitu kilianzia pale. Kule migombani kwetu, kabla hatujahamishiwa kijijini, wingu likitanda tu mama alikuwa anasimama mlangoni anaita, "Ladi! Uko wapi?" Na wewe kutoka bondeni na mbuzi wako, "Nipo, naja!" Uongo mtupu! Ulikuwa huji. Ulikuwa unafika mvua imeshakatika, umelowa chapachapa, mbuzi mmoja hayupo, na mama anachukua fimbo huku anacheka. Miaka mingi baadaye ukaufanya wimbo, "Mvua ya Runazi", na nchi nzima ikaimba kiitikio ikidhani ni habari ya mpenzi. Mimi nilikuwa nacheka peke yangu. Walikuwa wanaimba habari za mbuzi.

Halafu ukaja ule mwaka wa kuhama. Lori likatubeba na mafiga yetu, na milango, na kuku waliofungwa miguu, likatushusha kwenye nyumba zilizopangwa mstari kama madawati ya shule. Baba tukamwacha kule kule migombani, kaburi lake chini ya mti wa mlumba. Wewe ulikuwa umelikumbatia lile gitaa lako la debe. Mwenyekiti wa kijiji akakuuliza kama hilo nalo ni mali ya kuhamishwa. Ukamwambia, "Mwenyekiti, hili ndilo litakalowafanya watu wasitoroke." Akakutazama sana. Lakini pamba ya kwanza ya kijiji ilipouzwa, ni yeye aliyesimama mkutanoni akasema tununue magitaa ya kweli, na alipokukabidhi alitoa macho: "Haya ni mali ya kijiji, si ya mtu. Umesikia, Ladislaus?" Ukasema umesikia. Kumbe lako ulikuwa unalala nalo.

Sina hamu ya kukusifu sana, kichwa chako kilikuwa kikubwa tangu zamani. Lakini kusema haki, ulikuwa unajua kutunga. Ulitunga tukipalilia. Ulikuwa unaimba mstari mmoja, unanyamaza mpaka mwisho wa tuta, halafu unaniuliza, "Kelele, hapa ungesema nini?" Nikikujibu unasema upuuzi, na kesho yake upuuzi wangu umo ndani ya wimbo. "Msichana wa Ngara" ulitoka hivyo, baada ya yule binti kukukataa mbele ya bendi nzima ya kijiji eti unanuka mbuzi. Na "Mke wa Katibu"! Katibu alipokuja juu, wewe kwa utulivu kabisa ukasema, "Basi, ndugu Katibu, tuuite 'Mke wa Jirani'." Hapo jirani yake naye akaja juu. Lile gari la redio lilipofika Biharamulo kurekodi bendi za wilaya, uliuimba huo huo, nao wakaukataa. Nimeuimba sasa. Katibu alishahamishiwa mkoa mwingine.

Vita vikaja. Kijiji kikatakiwa kutoa vijana wa mgambo kwenda kumfukuza nduli aliyetuvamia, na wewe hukungoja kuitwa. Mwenyekiti akalichukua gitaa mikononi mwako akasema gitaa la kijiji haliendi vitani, litakaa ghalani. Ukasema, "Litunze basi, na Kelele asiliguse, atakata nyuzi." Hata siku ile! Lori likanguruma, mko mmebanana kama viazi, siwezi hata kukuona ni yupi. Mama hakupunga mkono. Aliita tu, "Ladi!" Na wewe ukaitikia kutoka katikati ya watu wale, "Naja!" Ndilo neno lako la mwisho tulilolisikia.

Watu walirudi. Tulisimama barabarani siku nyingi tukitazama malori, vumbi limetujaa mpaka kwenye kope. Sospeter, mpiga tumba wako mliyeondoka naye, alirudi anachechemea. Alikuja moja kwa moja nyumbani, kabla hajafika kwao, akapiga magoti mbele ya mama.

"Tulivuka mto pamoja, mama. Mizinga ilipoanza tukatawanyika. Nilimwona anakwenda mbele. Baada ya hapo sikumwona tena, na nilimtafuta. Wote tuliomtafuta hatukumpata."

"Ulimwona amekufa?"

"Hapana, mama."

"Ulimwona anakwenda."

"Ndiyo."

"Basi anakwenda. Kaa unywe uji."

Unajua kwetu mtu akifa jembe haliguswi. Nyumba yenye msiba inakaa chini, na majirani wanaweka majembe yao chini wanakaa na wafiwa, mpaka siku ziishe. Asubuhi iliyofuata wanawake walikuwa wameshaanza kuingia uani wamefunga vitambaa vichwani, wengine midomo imeshaanza kutetemeka. Mama akatoka ndani na jembe begani. Akapita katikati yao akasema, "Jamani, mmekaa? Leo si siku ya shamba la kijiji?" Wakatazamana. Wakainuka mmoja mmoja, wakaenda kuchukua majembe yao.

Tangu siku hiyo hakulala siku moja bila kushika jembe. Akiwa na homa, analima. Jumapili akitoka kanisani, anakwenda nyuma ya nyumba kuchimbua hata shimo moja la muhogo, mtu asije akapata la kusema. Ilikuwa marufuku kukulilia, kaka. Nilikuwa nakwenda kulia chooni, nimejiziba mdomo kwa kanga, mimi uliyenibatiza Kelele. Siku moja nilimwambia, "Mama, watu wote wamesharudi." Akanijibu huku anamenya muhogo, "Baba yenu nimemwacha kule migombani. Huyu simwachi popote."

Bendi moja ya Dar es Salaam ilipita huku kuwaburudisha wanajeshi. Walikuja Runazi kukutafuta wewe, wakanipata mimi, nikawaimbia. Mama akaniruhusu niende nao. "Nenda," alisema, "kaka yako akirudi atakufuata." Huko nikakuta kila ukumbi wanapiga nyimbo zako, na kila anayeziimba anasema ni zake. Nilimvaa mmoja nyuma ya jukwaa. Akacheka akaniambia, "Dada, asiyekuwepo na lake halipo." Nilimtukana, sitaandika nilichosema. Lakini lile neno lilinikaa kooni. Kiongozi wetu wa bendi, mtu mzima mwenye huruma, ndiye aliyesema, "Tumrekodie santuri ya kumbukumbu. Nyimbo zote, kwa jina lake, uimbe wewe."

Nilirudi nyumbani likizo kumwomba mama. Aliposikia neno kumbukumbu aliweka kisu chini. "Kumbukumbu ni ya marehemu," akasema. "Mwenye nyimbo zake yupo. Akirudi ataziimba mwenyewe." Nikasema sawa mama. Nikapanda gari, nikaenda kuziimba. Sitaomba radhi, wala kwako siombi. Kama ningengoja ruhusa, ungebaki hapo katikati mpaka sisi sote tufe, hujarudi na hujazikwa.

Studio ni chumba kisicho na dirisha, kaka, ungekichukia. Tulifika kwenye "Mvua ya Runazi", ule mstari wa "usiku hukurara", na fundi mitambo akasimamisha kila kitu. "Dada, sema kulala." Nikamwambia mwenye wimbo alisema kurara. "Lakini si Kiswahili sanifu." Nikamwambia, nenda kamwambie yeye. Akanitazama, akawasha mtambo tena. Imebaki kurara.

Kazi ilikuwa kwenye kiitikio. Mimi naita, "Ladi, uko wapi?" Nani aseme "Nipo, naja"? Walijaribu wote. Mpiga besi ana sauti nzuri kuliko yako, usikasirike, lakini aliposema "Nipo" nilivua vile vipokea sauti vya masikioni nikatoka nje. Niliporudi nikawaambia hapo msiweke mtu. Pigeni tumba tu, polepole, kwa urefu ule ule wa jibu lake, halafu tuendelee. Fundi akasema wasikilizaji watadhani utepe umeharibika. Nikasema wadhani.

Redio ikatangaza itaupiga utepe wote Jumapili alasiri. Nikasafiri, treni mpaka Mwanza, halafu malori, na betri mpya nimezifunga kwenye nguo zangu, maana betri siku hizi ni kama sukari, unazipata kwa kujuana. Nilimkuta mama shambani. "Shikamoo, mama." Aliendelea kulima mpaka mwisho wa tuta. "Marahaba," akasema. "Umekuja kumzika mwenzako?"

Jumapili ile uani palijaa. Sospeter alikuja, Mwenyekiti alikuja na kofia yake, wanawake wa mstari mzima. Mama alisema hasikilizi. Akakaa pembeni na ungo wake, ametupa mgongo, anachambua maharage. Ulipoanza "Msichana wa Ngara" watu walicheka. "Mke wa Katibu" ulipopigwa hata Mwenyekiti alijifunika mdomo kwa kofia. Niliona mabega ya mama yanatikisika kidogo, nikajua naye anacheka.

Halafu ukaja "Mvua ya Runazi". Nikasikia sauti yangu ndani ya redio, "Ladi, uko wapi?" Na tumba peke yake. Vidole vya mama vikasimama ndani ya maharage. Ubeti ukaendelea, kiitikio kikarudi: "Ladi, uko wapi?" Tumba. Mama akageuka, akaitazama ile redio kama mtu aliyebisha hodi akasikia watu ndani lakini hakuna anayefungua. Mara ya tatu alisogea, akainamisha sikio karibu kabisa, na midomo yake ikaita pamoja nami bila sauti. Tumba ikapiga ikamaliza.

"Hajibu," mama akasema.

Akachukua ungo wake akaingia ndani.

Jumatatu ni siku ya shamba la kijiji. Mwenyekiti aligonga ile rimu ya gari ya kuitia watu kazini kama kawaida. Nilitoka nje nikamkuta mama amekaa mkekani mlangoni, miguu ameinyoosha, kitambaa kichwani. Jembe limeegemea ukuta, na udongo wa jana umekaukia juu yake. Jirani wa kwanza akapita na jembe begani, akasalimia, akaona. Aliliweka jembe lake chini taratibu, akaja akakaa. Akaja wa pili. Sospeter akaja, akaanza kulia tangu kule njiani. Rimu ikagongwa tena na hakuna aliyekwenda. Mwisho Mwenyekiti mwenyewe akaja kwa hasira, anauliza kijiji hiki leo kimelewa nini, akafika mlangoni petu. Akavua kofia. Akaondoka, nikadhani amekasirika, kumbe amekwenda ghalani. Alirudi na gitaa. Akalilaza mkekani mbele ya mama, hapo ambapo wangekulaza wewe, na safari hii hakusema ni mali ya nani.

Mama akaliwekea mkono juu, akapiga ukelele. Nilikuwa sijawahi kumsikia hivyo. Na mimi nikalia, kaka, nikalia kwa sauti yangu yote, mpaka wakaja kunishika.

Nyuzi mbili zimekatika. Zilikatika zenyewe huko ghalani, mashahidi ninao.

Ninaumia. Nilidhani nikishakulia maumivu yatapungua, na hayajapungua. Lakini sasa tunaumia pamoja, mimi na mama, tunakutaja mezani, tunabishana ni mbuzi yupi uliyempoteza mwaka gani. Jana alinituma nimtafutie fundi wa kigoda. Kesho siku za kukaa zinakwisha, na mama atashika jembe. Safari hii atakwenda kulima tu.

Nami narudi Dar es Salaam. Nitaendelea kukuita kila nikipanda jukwaani, na pale pa kujibu nitapaacha wazi. Usihangaike kuitikia.

Rara salama, kaka.

Mdogo wako,
Kelele