Kombe la nyongeza

Nusaiba, soma hii upesi.

Leo nimeuza lile tangi la samaki wa baharini aliloniachia bosi. Amelinunua Beryl, mwalimu wa Ukunda, pamoja na samaki wote. Nikampa na nyongeza, kombe zuri la madoadoa lililokuwa humo tangini, konokono wa baharini, li hai. Akalitia mfukoni mwa gauni.

Mfukoni, Nusaiba.

Sasa hivi mjomba Makame kaliulizia. Nikamwambia nimelitoa nyongeza. Akaketi chini.

"Umempa mkononi? Hilo huchoma kama sindano, na huua. Sisi wapiga mbizi hatuligusi."

Bosi alikuwa akilishika kwa koleo, nami nikimcheka.

Beryl ameweka picha kwenye stetasi. Kombe amelibana sikioni, ameandika ati anaisikia bahari.

Nimempigia mara tatu. Hapokei.