Mama, Walimpiga Risasi Tembo Jike

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mwili wangu ni mzima, namshukuru Mungu kwa hilo. Wewe je, magoti yanasemaje na baridi hii ya Juni ya Iyunga? Viazi mmeshachimba? Huku bondeni, ukishaiacha Iringa mjini juu kilimani, joto ni lile lile. Sweta uliyonifumia sijaitoa kwenye begi.

Nilipopiga simu Jumapili ulisema sauti yangu imebadilika, nikakujibu ni mafua. Hayakuwa mafua. Nimeona niandike, maana kwenye simu ningelia, nawe ungelia, na salio lingekatika kabla habari haijafika. Barua hii analeta mwalimu mwenzangu anayekuja Mbeya kwa dada yake. Mdogo wangu Tumaini akusomee polepole.

Nina mwanafunzi wa kidato cha pili anaitwa Winfrida. Baba yake alifariki zamani, akawa anaishi na mama yake na shangazi yake, wakulima wa mpunga. Kila Alhamisi baada ya vipindi nilikuwa na klabu ya wanyamapori, nikiwafundisha mamalia wa huku huku kwetu: tandala, pofu, mbwa mwitu, tembo. Winfrida alikuwa mbele ya wote. Ukimwonyesha picha ya tembo anakwambia papo hapo: huyu dume, kichwa kimeviringana, huyu jike, paji lake lina kona. Nilikuwa najivunia yule mtoto, Mama.

Asubuhi moja mama yake alitangulia shambani kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga. Ndani ya mpunga mlikuwa na tembo dume, pembe moja imevunjika. Shangazi mtu alikuwa upande wa pili wa mfereji, akamwona kwa macho yake, akapiga kelele. Wifi yake hakuwahi kukimbia. Walivyomkuta sitakueleza. Tulimzika siku ile ile, jeneza halikufunguliwa.

Msibani nilikaa mkekani na wanawake wenzangu. Mmoja akasema, wala hakunong'ona, "Huyu ndiye mwalimu wa tembo." Wakasogea kidogo kidogo mpaka nikabaki peke yangu kwenye kona ya mkeka.

Wiki iliyofuata, Winfrida akiwa amerudi darasani, wakaja askari wa wanyamapori na bunduki. Nilikuwa ubaoni mlio uliposikika kutoka mtoni. Darasa zima likatoka mbio, na mimi nikawafuata.

Tembo alikuwa amelala ubavu kwenye mchanga. Watu walishafika na visu na mabeseni. Nilitazama paji la uso, lina kona. Pembe zote mbili nzima. Nikatazama katikati ya miguu ya mbele, Mama, matiti yamejaa na maziwa yanachuruzika mchangani. Ng'ambo ya mto alisimama mtoto wake akilia, na vijana wanamtupia mawe.

Winfrida alisogea mbele. "Shangazi, huyu ni jike," akasema. Hakupaza sauti. "Ana mtoto. Wewe ulisema aliyemuua mama ni dume."

Shangazi yake alimpiga kofi mpaka akapiga magoti. "Mama yako yuko kaburini, wewe unamtetea tembo! Nani kakufundisha hivyo?"

Wote wakanigeukia. Nilimwinua Winfrida, nikamwuliza askari kwa nini. Kijana tu, umri wa kaka yetu. Hakunitazama. "Madam, tumeambiwa tuondoe mmoja. Tumemkosa yule, na watu walishachoka kusubiri."

"Na mtoto wake?"

"Huyo sijaagizwa."

Shule nayo ilipata fungu lake. Mkuu wa shule aliwatuma wavulana na magunia, akaniambia, "Mwalimu, watoto hawa hawajaonja nyama tangu muhula uanze. Nikatae?" Mchana ule walikula wote, mpaka wale wa klabu yangu. Winfrida alikula. Aliosha sahani yake vizuri, akaenda nyuma ya darasa akatapika. Nilimshika paji la uso kama ulivyokuwa unatushika sisi tukiugua.

Kesho yake klabu ikafungwa. "Kwa sasa tu," alisema mkuu, lakini picha zangu zote zilibanduliwa ukutani. Na Winfrida akaacha kuja shule, kwa sababu mpunga ulikuwa unaiva na mwenye kuuamia hayupo tena.

Nilimfuata shambani. Shangazi yake alinikuta kwenye tuta, akasimama mbele yangu na jembe.

"Kamwene, shangazi," nikamwamkia.

Hakuitikia. "Sitaki habari za wanyama hapa."

"Nimekuja na hesabu."

Alishusha jembe. Macho yake yamevimba, Mama, hata yeye halali. "Hesabu sawa," akasema, akarudi kusafisha mfereji.

Basi sasa kila nikimaliza vipindi naenda. Tunakaa juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia mpunga, Winfrida anatupia ndege matope kwa kombeo, mimi namsomea maswali. Juzi aliniambia, "Madam, najaribu kuwachukia tembo. Nashindwa. Ndiyo maana naogopa kwenda kaburini kwa mama." Nikamwambia mama yake hawezi kumkasirikia. Sijui kama aliamini.

Halafu, katikati ya swali la asilimia, akaniuliza, "Yule mtoto wake atapata wapi maziwa?"

Ningeweza kumwambia kuna jike mwingine atamnyonyesha. Hutokea, lakini mara chache sana, na mtoto yule alishaonekana mara mbili akizunguka peke yake, mbavu nje. Nikamwambia, "Hatapata."

Aliitikia kwa kichwa, akaandika jibu la hesabu. Lilikuwa sahihi.

Najua utasema niombe uhamisho nirudi Mbeya. Mkuu wa shule naye amenidokezea hivyo, kwa upole. Sijamjibu. Mpunga ukishavunwa, shangazi mtu ataamua kama Winfrida anarudi shule au anabaki shambani moja kwa moja, na siku hiyo nataka niwepo. Usinikasirikie.

Nisalimie baba mdogo, fundi wetu wa baiskeli, umpe pole ya kifua chake. Dada mkubwa huko sokoni kwenye ndizi zake, na wanawe. Na bibi mzaa baba, mwambie namkumbuka. Mama mchungaji naomba aniombee, na amtaje Winfrida kwa jina.

Mwanao, ambaye angependa leo alale chumbani kwako,

Atupele