Ufuo wa Kamere Hauuzwi

Kamere,
S.L.P. 31, Naivasha.
14 Septemba 1969

Mpendwa Mjomba Kiptanui,

Pokea salamu za mpwa wako mwenye bahati kuliko watu wote wa ziwa hili. Hamjambo huko Jinja? Na lile sikio, bado linavuma wakati wa baridi? Sisi ni wazima, ila mvua imetupita, na mimi nimenenepa kwa cheo.

Cheo chenyewe sikia. Kaunsili imenifanya bwana mkubwa wa ufuo wetu. Nimepewa kofia yenye bamba la shaba, filimbi, na lango la kufunga na kufungua. Wa kwanza kumfungia unamjua: Kiprugut, yule yule aliyekuharibia sikio kwa rungu. Nilimpigia filimbi mpaka akageuka kama ng'ombe aliyenyimwa maji.

Unakumbuka wakati wa wazungu alikuwa askari wa klabu yao, na ziwa lote lilikuwa la mashua zao. Mtu mweusi aliachiwa kile kipande cha kwenye mafunjo, aoge na kuchoma samaki, na ukivuka lile jiwe la mpaka, ni rungu. Wewe ulivuka kufuata kofia yako tu iliyochukuliwa na upepo.

Uhuru ulipokuja akawa tajiri wa mbao. Mwaka huu akataka kununua kipande hicho hicho, azungushe waya, ajenge hoteli. Akawaambia madiwani kwamba pale ni kichaka, hapana mtu. Mimi nilitaka kumchomea lori. Wazee wakanizuia, wakasema afadhali tuombe kaunsili ipatunze pawe pa umma, watoto wajue tulitengwa wapi. Nilikubali, lakini kiberiti kilibaki mfukoni.

Halafu akajikaanga mwenyewe. Aliwaleta madiwani Jumapili asubuhi, akidhani watu wote wako kanisani. Kwao misheni, ubatizo ni maji ya kibakuli. Hakujua kanisa letu huzamisha mtu mzima, na huzamisha pale pale. Wakakuta ufuo umejaa kanzu nyeupe na ngoma, na mama Rahab, yule mzee wetu wa kanisa, yumo majini mpaka kiunoni.

Rahab akamtazama. "Kiprugut," akasema, "ulitufukuza kule mpaka hapa. Sasa hapa utatufukuza mpaka wapi?"

Mjomba, ungekuwepo! Diwani mmoja mnene akavua viatu, akaingia majini na soksi zake, akasema hata yeye alibatizwa hapo. Kiprugut akajifanya anakagua tairi la gari. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na bado haijanitosha.

Mwezi jana kaunsili ikapitisha: hapauzwi, hapawekwi waya, na kibao kimesimamishwa kueleza ni akina nani walioogea hapo na kwa nini. Nilitaka jina la Kiprugut liandikwe kwa herufi kubwa, na rungu lake lichorwe chini. Wakakataa. Wao wamesamehe, mimi bado. Nikimwona barabarani mkono unaniwasha.

Njoo Krismasi uvuke lile jiwe polepole, umevaa kofia.

Nisalimie Mama Cheptoo, Cheptoo mwenyewe na Chepkemei. Mungu awalaze salama, awaamshe na nguvu.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye hata usipojibu,
Kemboi

N.B. Mjomba, ile kofia na filimbi ni uongo. Hakuna cheo wala lango. Ufuo ni wa kila mtu, na Jumapili iliyopita Kiprugut alikuja na wajukuu wake, akaloweka miguu pale pale petu, nami sikuwa na la kumfanya.