Mizani Mlangoni mwa Ndege

4 Februari

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba mgongo uliokusumbua mwaka jana umekwisha kukusamehe. Mimi sijambo, ingawa mikono inanuka mafuta ya injini hata nikiwa mezani.

Nimepokea habari ya nafasi uliyoniombea katika shirika lenu la ndege, nami nakushukuru kwa dhati. Naikataa kwa dhati ileile. Usikunje uso kabla hujanisikiliza. Utaniambia mkataa pema pabaya panamwita. Nami nitakujibu kwamba kila methali ina mpinzani wake: aliyesema haraka haraka haina baraka alikuwa na jirani aliyesema ngoja ngoja huumiza matumbo. Wazee hawakutuachia methali ili tuache kufikiri. Ninyi mnaruka juu ya watu. Mimi nataka kuruka kwenda kwa watu. Nyuma ya milima kuna miji ambayo daktari wa macho huifikia kwa siku mbili za barabara mbovu. Kwa ndege yangu ni muda wa kunywa chai na kurudisha kikombe.

Ndege ni moja, injini moja, viti sita. Fundi wangu, tunayemwita Babu Spana ingawa hajafika hata miaka arobaini, hulala na ufunguo wa banda shingoni. Mlangoni nimeweka mizani ya ghala, yenye uso wa duara kama saa ya stesheni. Hapandi mtu kabla hajapimwa, yeye na begi lake, kwa maana ndege ndogo huihisi kila kilo, na huhisi imekaa wapi. Hata wewe ukija, Mjomba, utaanzia hapo.

Mwisho wa mwezi anakuja mkandarasi anayejenga daraja upande wa pili wa milima. Akitukubali, atasafiri nasi pamoja na mafundi wake kila wiki, na biashara itasimama. Asipotukubali, nitabaki rubani mwenye banda na falsafa.

Mpwa wako.


11 Februari

Mpwa wangu mbishi,

Marahaba. Mgongo haujanisamehe, umeahirisha kesi tu. Dada yangu, yaani mama yako, hajambo. Anauliza kama unakula.

Barua yako nilimsomea rubani msaidizi wangu, akacheka mpaka akamwaga chai. Kupima watu kama magunia! Nimebeba mawaziri na mabondia, sijapata kumwona abiria akipandishwa mizani. Kwetu tunakadiria, kwa kuwa ndege ni kubwa na kosa dogo humezwa. Kwako hakuna wa kulimeza, hilo nakubali.

Lakini sikia. Desemba nastaafu, umri wa shirika letu umefika, na kanuni yake haibembelezwi. Nilitaka nikiacha kiti changu, damu yangu iwe imekalia kingine. Usajili wa marubani wapya unafungwa mwisho wa Machi, na jina lako nimelishikilia mimi. Heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Haya, tafuta mpinzani wa hiyo.

Mjomba wako.


2 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Hapa tu wazima, isipokuwa Babu Spana hasemi nami tangu jana. Nitakueleza sababu, nawe uamue.

Mkandarasi alikuja na vijana wake wanne. Ni mtu wa mwili, shati jeupe, kicheko cha kujaza banda. Vijana wakapanda mizani mmoja mmoja, nami, kama kawaida yangu, nikawa nasoma kwa sauti ili Babu Spana aandike. Ikafika zamu ya mkubwa wao.

"Kijana, mimi andika themanini tu."

"Mzee, macho yangu yanaikataa themanini."

Vijana wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Unaninadi? Mimi ni mbuzi wa mnadani?"

"Hewa haijui cheo, mzee. Upande mizani, au tubaki sote chini."

Tukabaki sote chini. Wakaondoka kwa gari, kwenye vumbi la siku mbili.

Uwanja wa kule ni mfupi na umebanwa na kilima, na mchana wa joto hewa huwa nyepesi hata ndege huchelewa kuinuka. Ningeandika themanini, ningeandika uongo ambao kilima hakingeusoma. Nilikuwa sahihi, Mjomba, na sitaomba radhi kwa kuwa sahihi.

Mpwa wako.


9 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Afya yangu ni njema. Subira yangu ndiyo mahututi.

Ulikuwa sahihi. Hata mimi ningemwacha. Hilo tuliweke pembeni. Sasa nikuulize kama nahodha anavyomuuliza msaidizi wake: uso wa ile mizani ulielekea wapi? Kwa watu. Nani alisoma? Wewe, kwa sauti uliyoshindia midahalo ya chuo. Mtu mzima, mbele ya vijana anaowapa amri, anatangaziwa tumbo lake kama bei ya samaki! Hakukataa mizani, mwanangu. Alikataa kutangazwa. Na hilo neno la macho yako kukataa ulilisema kutafuta kicheko, ukakipata. Ulimi hauna mfupa.

Jambo jingine: wewe mwenyewe una kilo ngapi? Barua mbili, umepima dunia nzima, zako hujazitaja. Au rubani ni malaika?

Usajili unafungwa tarehe thelathini na moja. Nijibu kabla ya hapo.

Mjomba wako.


18 Aprili

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Naomba radhi kwa kimya. Tarehe ilipita bila neno langu. Nadhani ulilisikia hivyo hivyo.

Barua yako ilinikasirisha wiki nzima. Niliandika majibu marefu yaliyojaa hoja, na kila nilipofika kwenye swali la kilo zangu, kalamu ilisimama. Sikuwa nimepanda ile mizani hata mara moja. Katika kila hesabu ya safari nilijiandikia uzito niliokuwa nao siku ya kuhitimu. Nikapanda. Babu Spana akavunja kimya chake: "Bosi, hizi kilo sita ulikuwa umezificha wapi? Kwenye vitabu?"

Tumeugeuza uso wa mizani kuelekea ukutani. Anayesoma ni mmoja, naye husoma kimya. Rubani hupanda wa kwanza, abiria wakiona, na kilo zake ndizo pekee zinazotangazwa.

Kisha nikaenda kwa basi hadi kwenye daraja. Nilimkuta mkandarasi na kofia ya chuma kichwani, matope hadi magotini.

"Umekuja kuniomba radhi?"

"Kwa sauti yangu, ndiyo, mzee. Kwa mizani, hapana."

Akanitazama. "Na wewe una kilo ngapi?"

Nikamwambia, pamoja na zile sita.

"Kumbe mwenye mzigo wa magendo ni wewe!" Kile kicheko chake kikarudi, na mafundi waliokuwa juu ya nguzo wakageuka kutazama.

Alhamisi alikuja. Alisimama juu ya mizani kama anayepigwa picha ya harusi. Nilisoma, nikanyamaza, nikamtoa kiti cha nyuma nikamweka kando yangu. Sanduku la vyuma likangoja safari ya pili. Tulitua adhuhuri, joto likichemka, na tuliposimama uwanja ulikuwa umebaki mbele yetu. "Kila Jumatatu na Alhamisi," akasema akishuka, "na kiti hiki cha mbele ni changu."

Mpinzani wa methali yako sijampata. Nimegundua simhitaji: kenda ninazozishika ndizo hizi.

Sasa daktari wa macho naye anazitaka siku zilezile. Tumekodi ndege ya pili, na rubani wake sina. Vijana wanaokuja kuomba kazi huniuliza ni lini tutapata ndege kubwa. Mimi namtafuta mtu atakayeuliza uso wa mizani umeelekea wapi.

Mpwa wako.


27 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Nafasi yako ilichukuliwa na kijana mwenye adabu, asiyebisha kitu. Anachosha kupita kiasi.

Desemba nakabidhi kofia. Ndege ya injini moja sijaigusa tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na kwenye uwanja wa chini ya kilima sijawahi kutua. Nitahitaji mwalimu, nasikia aliyeko huko ni mkali lakini siku hizi anasikia.

Kilo tisini na nne, pamoja na viatu. Nilipimwa kwa muuza nafaka wa mtaani kwetu, mbele ya wateja wake, nao wakazisoma kwa sauti moja. Huko kwako, tafadhali, soma kimya.

Mjomba wako.